Mwaka wa Kiswahili Kitupu

Mwanangu alipotimiza miaka mitatu bila kutamka neno, mji mzima wa Migori ulijipa udaktari. Sitanii. Mama wa mboga alijua kilichomsibu. Kinyozi wa mlango wa pili alijua. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye sidhani kama amewahi kumbeba hata mjukuu wake, alijua kuliko wote, na alinisimamisha barabarani kunieleza huku jua likinichoma utosini. Aliyekuwa hajui ni mimi peke yangu, niliyemzaa.

Mmoja alisema ni katuni za simu. Mwingine akasema ni zebaki ya machimbo ya dhahabu, kwamba imeingia kwenye maji na kwenye samaki, ingawa watoto wake mwenyewe waliyanywa maji yayo hayo na muda huo walikuwa wanapiga kelele nje ya saluni yangu. Wa tatu aliniuliza kwa sauti ya chini kama mume wangu, ambaye ni Mjaluo, amemaliza mahari kwetu Kuria. Nikamuuliza mahari na ulimi wa mtoto vinakutania wapi. "Dada," akaniambia, "mambo mengine usiulize." Ndivyo watu walivyo. Wanakulazimisha jibu, kisha wanakukataza swali.

Saluni yangu ni chumba kimoja chenye vioo vitatu. Siku moja mteja aliyesukwa nusu kichwa alimtazama binti yangu kupitia kioo, akasema mtoto akijiona kiooni kabla hajaanza kuongea, sauti yake inabaki humo. Nilicheka. Jioni nikafunika vioo vyote kwa leso. Kwa wiki mbili niliwasuka wanawake wa Migori huku wakitazama maua ya leso, wakaenda zao bila kujua wamefananaje, na mmoja alirudi kugomba. Mtoto hakusema neno. Nikazitoa zile leso, nikajiapiza kwamba kuanzia hapo nitafuata akili, uvumi nitawaachia wengine. Balaa langu lilianzia kwenye kiapo hicho.

Kabla ya kueleza balaa lenyewe, nimweleze mtoto. Ukimwita hageuki. Alitembea kwa vidole vya miguu, akipita kando ya ukuta. Mashine ya kukaushia nywele ikiwashwa alipiga mayowe mpaka mishipa ya shingo inasimama. Hakunyoosha kidole kuonyesha kitu, hakukumbatia mtu, na nilipomshika uso ili anitazame, macho yake yalinipita yakaenda dirishani. Kwenye kliniki moja ya hapa mjini mhudumu aliniambia huenda ni usonji, akaniandikia barua niende kwa mtaalamu Homa Bay. Niliipokea barua. Nikaiweka kwenye droo ya chanuo na bendi za mpira, ikakaa humo. Neno lenyewe lilinitisha, na barua haikusema kosa ni la nani. Mimi nilikuwa natafuta kosa.

Nyumbani mtoto alikuwa analelewa na mama mkwe wangu. Alitoka Lambwe akaja kukaa nasi niliporudi kazini. Mume wangu ni mwalimu upande wa Rodi Kopany na huja nyumbani Ijumaa, kwa hiyo siku za kazi tulikuwa watatu: mimi, mama na mtoto. Mama ni mtu wa Dholuo. Kiswahili chake ni cha sokoni, cha kuuliza bei na kuikataa.

Kazi yake ya mchana ilikuwa kuchambua maharagwe kwenye ungo. Alikuwa anachambua kwa mdomo. Akishika punje nzima anasema "maber," nzuri. Akishika iliyotobolewa na dumuzi anasema "marach," mbaya. Sijui ilianza lini, lakini mtoto alikuja akaketi upande wa pili wa ungo, na ikawa mama akisema maber, mtoto anaisogeza punje kando yake. Akisema marach, anaitupa nyuma ya bega. Kuku walijua saa ile na walikuwa wanamngoja nyuma. Kuna wakati mama alinyamaza makusudi, punje ikiwa juu, na mtoto alimtazama mdomo. Mtoto asiyemtazama mtu alitazama mdomo wa nyanyake, akangoja neno. Niliwaona hivyo mara nyingi nikiingia na mkoba wangu begani, na nilichosema ni, "Mama, hizo maharagwe zinamwagika."

Nadharia yenyewe nililetewa na mwalimu wa nasari. Alikuja kusukwa rasta ndogo, na mtu anayesukwa rasta ndogo hana pa kwenda kwa saa tano. Alimtazama binti yangu akizungusha kifuniko cha mafuta sakafuni, akaniuliza, "Kwani kwenu mtoto anasikia lugha ngapi?"

Nikahesabu. Kiswahili mimi na mume wangu. Dholuo mama mkwe na mwanawe. Kikuria nikiongea na dada zangu kwa simu. Kizungu cha katuni.

"Nne!" akasema. "Kwa kichwa kidogo hivyo? Hiyo ni jam, dada. Maneno yote yamekwama hapo kwa roundabout, hakuna inapita."

Nilisimamisha mikono. Niliona kama nimefunguliwa dirisha. Hapakuwa na mchawi katika maelezo yale, wala dhambi, wala mahari. Hakuna aliyenilaani. Yalikuwa maelezo safi, ya watu waliosoma, na zaidi ya yote yalikuwa na dawa: punguza lugha, mtoto ataongea.

Nikaanza utafiti. Ndivyo nilivyouita, na sioni haya kusema nilijiona msomi. Kila mwanamke aliyeketi kwenye kiti changu nilimuuliza mwanawe alianza kuongea lini na nyumbani kwao kuna lugha ngapi. Nilichora alama kwa wanja nyuma ya kalenda ya ukutani, wa kuniunga mkono upande huu, wa kunipinga upande ule. Wateja wakalipenda jambo hilo kupita kiasi. Wakaanza kuniletea ushahidi wa majirani, wa mashemeji, wa mtoto wa bosi wao. Kuna aliyekuja bila hata nywele za kusukwa, amekuja kutoa maoni. Mwishowe nikapiga simu kwenye kipindi cha asubuhi cha redio, nikauliza swali langu hewani, na watu wakapiga simu mpaka mtangazaji akaacha kuweka nyimbo.

Walikubali karibu wote. Lugha nyingi humvuruga mtoto, walisema, kila mmoja kana kwamba alikuwepo mtoto alipovurugwa. Ni mwanamke mmoja tu aliyepiga kutoka Mfangano akapinga. Alisema kule kisiwani kwao watoto wanasikia Kisuba kwa wazee na Dholuo kwa kila mtu, na wanaongea mapema mpaka unatamani wanyamaze. Mtangazaji alicheka. Mimi nikasema moyoni, kisiwani mambo ni tofauti, na sikumchorea alama. Mteja wangu wa Isebania naye alikuwa na watoto wanane wenye lugha tatu kila mmoja, na wote wanabishana kama mawakili. Nikasema hao ni wagumu. Huyo pia sikumwandika. Mwisho wa mwezi upande mmoja wa kalenda ulijaa na mwingine ulikuwa mweupe, nikaona nimethibitisha.

Ijumaa mume wangu alipofika nilimkalisha pamoja na mama yake, nikatoa hukumu. Kuanzia kesho, Kiswahili kitupu. Nilichagua Kiswahili kwa sababu si cha ukoo wake wala si cha kwetu, asije mtu akasema nimempendelea nani. Mume wangu alikuwa amechoka na safari na amechoka pia na kuulizwa na walimu wenzake mtoto ana nini. Alimgeukia mama yake akamtafsiria.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja, kwa Kiswahili, ili nami nilisikie.

"Sasa mimi nitaambia yeye nini?"

"Kiswahili, mama," nikamwambia. "Hata kidogo kidogo. Ni ya kumsaidia."

"Sawa," akasema.

Mama mkwe wangu si mtu wa kutii ovyo. Niliwahi kumwona akibishana na karani wa chifu mpaka karani akatoka nje ya ofisi yake mwenyewe. Lakini kwa ajili ya mtoto alitii. Siku mbili alijaribu. Alishika punje akasema "zuri," akashika nyingine akasema "mbaya," kwa sauti ya mtu anayesoma maandishi ya ukutani. Mtoto alitazama mdomo ule, akangoja, akangoja, kisha akausukuma ungo kwa mguu. Siku ya tatu mama aliteleza akasema neno moja la Dholuo, nami nikapaza sauti kutoka jikoni, "Mama! Kiswahili!"

Nataka nieleze nilikoitoa sauti ile. Nilipokuwa darasa la nne tulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba, tulikiita diski. Ukinaswa unaongea Kikuria unavikwa shingoni, na unakaa nacho mpaka umnase mwenzako. Jioni wote waliokivaa walichapwa. Nilikivaa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, mara moja kwa kulia kwa Kikuria baada ya kuanguka. Nilimchukia mwalimu aliyekileta kibao kile, namchukia hadi leo, na ningekutana naye sokoni ningemwambia. Na mimi huyo huyo nilisimama jikoni kwangu na mwiko mkononi nikamvika diski mwanamke aliyemzaa mume wangu.

Baada ya wiki moja mama aliacha kuongea na mtoto. Hakugomba wala kununa. Alimwogesha, akamlisha, akamfunga kamba za viatu, kimya. Maharagwe alichambua peke yake mtoto akiwa amelala. Mtoto naye akatulia. Mayowe yakapungua, akawa anakaa kando ya ukuta hata nusu siku bila kumsumbua mtu. Na mimi, Mungu anisamehe, niliutaja utulivu huo kama maendeleo. Wateja walipouliza, "Vipi ile Kiswahili, inafanya?" niliwajibu, "Inafanya. Ametulia sana." Wakapiga makofi. Kweli, walipiga makofi saluni.

Mwaka ukapita hivyo. Neno la Kiswahili halikutoka, wala la lugha nyingine. Mvua zilipokaribia mama akasema anarudi Lambwe kulima, shamba limelala. Hakusema lingine. Alifunga mzigo wake, akasimama mlangoni akamtazama mtoto kwa muda mrefu, akaondoka bila kumuaga kwa mdomo. Nilichukizwa na jambo hilo. Nilimwambia mume wangu mama yake ana moyo mgumu.

Ni kalenda mpya iliyonipeleka Homa Bay. Nilikuwa natafuta pini ya kuitundikia kwenye ile droo, nikaikuta barua ya kliniki imejaa mafuta ya nywele. Labda niliona aibu, labda nilikuwa nimeishiwa. Tulipanda gari siku ya Jumatano, mimi na mtoto.

Mtaalamu alikuwa msichana mdogo kuliko nilivyotarajia. Alikaa sakafuni na binti yangu kwa muda mrefu akizungusha naye vifuniko, na hakumlazimisha kutazama chochote. Kisha akaniambia ni usonji, akanieleza polepole. Amezaliwa hivyo. Hakuna niliyemkosea, hakuna aliyeniroga. Nilingoja amalize, nikatoa nadharia yangu. Niliieleza yote kwa fahari, kalenda, redio, hesabu za wateja.

"Hapana, mama," akasema. "Lugha haziwezi kumletea mtoto usonji. Wala hazimzuii kuongea. Mwongeleshe kwa ile inayotoka moyoni." Akafungua daftari lake. "Ni nani anashinda naye?"

"Alikuwa nyanyake."

"Walikuwa wanaongea?"

Nikamweleza juu ya maharagwe. Nilimweleza kama jambo dogo la kupitisha wakati, na nilipokuwa nasema niliona uso wake ukibadilika.

"Alikuwa anamtazama mdomo? Anangoja zamu yake?" akauliza. "Mama, hayo ndiyo mazungumzo. Kwa wengi hapa tunatafuta hilo tu kwa miezi. Bado wanafanya?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Nilimkataza," nikasema.

Aliweka kalamu chini. Hakunilaumu, na ningependa angenilaumu, kwa sababu ningepata wa kugombana naye. Nilitoka pale na hasira imenijaa mpaka meno yananiuma, nikaibeba hadi Migori.

Yule mwalimu wa nasari alikuja wiki hiyo hiyo kusukwa tena. Nikamwambia yaliyosemwa Homa Bay. "Mimi?" akasema, akinitazama kiooni. "Mimi sikusema ni lazima. Nilisema tu labda." Nikawaambia wengine. Kila mmoja alikuwa amesema labda. Yule wa mashemeji alikuwa amesikia tu, yule wa bosi alikuwa ananichekesha. Walionisaidia kuijenga nadharia walikuwa mji mzima, na ilipoanguka sikuona hata mmoja aliyekuja kubeba tofali lake. Niliwafukuza wawili siku ile na vichwa vyao nusu nusu. Sijutii hilo.

Lakini hasira ukiikalisha chini inakuuliza maswali. Kwa nini niliikubali nadharia ile na si nyingine? Nilikuwa nimeolewa miaka saba katika nyumba ambamo vicheko vilikuwa vya Dholuo. Mume wangu na mama yake walikuwa wakiongea na kucheka, nami nikiuliza wanachekea nini, ananiambia, "Hakuna kitu, ni stori tu." Sikuwahi kujifunza. Nilisema sina muda, na ukweli ni kwamba nilikuwa nanuna. Marufuku yangu ilinigharimu nini mimi? Simu za dada zangu, ambazo nilizihamishia saluni. Iliyemgharimu ni mama. Nadharia ilinikaa vizuri kwa sababu nilijikatia mwenyewe.

Jumapili tukaenda Lambwe, mimi, mume wangu na mtoto. Mama alikuwa ameketi nje ya nyumba yake na wanawake wanne wa boma, wanapukuchua mahindi, na sauti yake ilikuwa juu ya zote. Sikuwa nimesikia sauti ile kwa mwaka. Alikuwa anasimulia jambo na wenzake wanashika mbavu. Alipomwona mtoto, alinyamaza katikati ya neno. Akanyoosha mkono akamgusa kichwa, kimya, kama alivyofanya kwangu.

Nilimsalimia, nikamweleza. Nilimwambia mtaalamu amesema lugha hazina kosa, kwamba sheria imekwisha, aongee naye tu.

"Nani amemaliza hiyo sheria?" akauliza.

"Daktari, mama."

"Daktari hakunifunga mdomo. Ni wewe, na ulinifunga huyu mtoto akiona. Nifungue akiona."

Mume wangu alitazama chini. Wale wanawake wanne walisimamisha mikono. Nilijua anachotaka, na nilijua anakitaka kwa lugha gani. Nikapiga magoti kando ya yale mahindi, nikasema Dholuo yangu ya kwanza ya kumwambia mtu katika miaka yote ile. "Mama," nikasema, "wuo kode." Ongea naye. Matamshi yalikuwa ya kutisha na mmoja wa wale wanawake aliziba mdomo kwa kitambaa. Machozi yalinitoka, ya aibu, na ya hasira pia, sitaficha.

Mama akavuta pumzi, akaongea. Alimwita nyakwara, mjukuu wangu. Alimwambia bi, njoo. Alimweleza habari za shamba na mvua na ng'ombe aliyezaa, alirudi nyuma akamweleza tena, alibadili sauti, aliimba kidogo. Aliongea mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia. Mtoto alisimama kwenye ua, ametupa mgongo, anachuna gome la mti. Hakugeuka hata mara moja. Mama alikuwa mlima wa sauti kwa kila mtu pale, na kwa yule mmoja alikuwa kelele za kawaida za dunia.

Mwishowe akaacha. Alipangusa midomo kwa kiganja, akanitazama. Aliongea Kiswahili, kile nilichomlazimisha, na kilikuwa kimenyooka kuliko zamani.

"Amezoea mimi nikinyamaza," akasema. "Hii sauti haijui tena. Hii ni ya mtu mwingine."

Akarudisha macho kwenye mahindi, akafunga mdomo. Mtoto akaliacha lile gome. Akaja kwa vidole vyake vya miguu, akapita kando yangu na kando ya baba yake, akaketi miguuni pa nyanyake aliyenyamaza, akatulia. Nami nilibaki nimepiga magoti pale pale, na maneno yangu mawili ya Dholuo, bila mtu wa kumwambia.